Barua ya wazi kwa hoteli iliyoniozesha Dodoma

Kwa Uongozi wa Hoteli,
Dodoma.

Nakala: Wanaokagua hoteli na kuzipa nyota.

YAH: ANKARA INAYOSEMA NILILALA NA MUME AMBAYE SI WANGU

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Jina la hoteli yenu silitaji, na si kwa upole. Mwanasheria wa ofisini kwetu ameniambia mkijitambua wenyewe inatosha, na mtajitambua tu. Sidhani kama hoteli nyingine Dodoma imewahi kumpelekea mgeni wake kikapu cha matunda saa moja asubuhi, juu yake kadi iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri: "Karibuni tena nyote wawili."

Nianze na yale tusiyobishania. Ilikuwa wiki ya Bajeti Kuu, mwezi Juni, msimu ambao chumba Dodoma kinagombewa kama ndoo kwenye bomba la mtaa. Wabunge wako mjini, mawaziri wako mjini, na nyuma yao wako makatibu, madereva, waandishi wa habari, na watu kama mimi tulioitwa kwenye warsha ambayo ingeweza kabisa kufanyika Machi. Nilipanda treni ya SGR asubuhi. Kabla ya Julai 2024 safari hiyo kwetu ilikuwa ya basi, unafika miguu imevimba na siku imekwisha. Siku hizi unashuka mchana ukiwa bado na nguvu za kugombana. Sikugombana. Saa nane nilikuwa mapokezi kwenu, nikaandika kitabu cha wageni kwa mkono wangu: jina langu kamili, kabila, nitokako, niendako, kazi, namba ya simu. Kwenye safu ya idadi ya watu niliandika 1.

Hiyo 1 naomba muishike vizuri.

Vyumba vilikuwa vimeshikwa na waandaaji wa warsha kwa orodha moja, kila mtu alipe mwenyewe akiondoka. Kwenye orodha ile majina yalifupishwa: herufi ya kwanza, kisha jina la ukoo. Mimi ni J., na ukoo wetu ni ule ambao ukiuita kwa sauti stendi ya Moshi wanageuka watu ishirini na mmoja anashuka kwenye basi. Kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba orodha ilikuwa na J. wawili wa ukoo huo. Mmoja ni mimi, mama wa watoto watatu, mkaguzi wa ndani. Mwingine ni mwanamume anayefanya kazi mkoa mwingine, ambaye sikuwahi kumwona maishani mwangu. Mtu wenu aliyeipokea orodha akaona jina limerudiwa, akadhani waandaaji wamekosea kunakili, akafuta moja. Majina mawili yakawa chumba kimoja, namba 214.

Mpaka hapo ni bahati mbaya tu. Mimi mwenyewe nimewahi kufuta mstari kwenye jedwali nikidhani umejirudia, na ulikuwa mshahara wa mtu.

Saa nne na dakika ishirini usiku nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, khanga moja kifuani, ya pili kichwani, uso mzima nimeupaka liwa. Juni ya Dodoma ina upepo mkavu unaopasua midomo, na mimi nikisafiri hujitunza. Simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye chupa ya maji, naongea na baba watoto kwa video. Alikuwa ananionesha wali alioutia moto hadi ukashika chini. Komeo sikuwa nimefunga. Nalisema mapema kwa sababu meneja wenu aliniuliza swali hilo mara tatu, kama vile ndilo lenye kesi. Sikufunga komeo kwa kuwa nusu saa kabla nilikuwa nimeomba taulo la pili, nikaambiwa linakuja.

Mlango ukalia tii. Nikajua ni taulo.

Aliyeingia alikuwa bwana wa makamo, mkono mmoja begi la magurudumu, mkono wa pili mfuko wa khaki wenye chipsi mayai. Alisimama. Nilimtazama, akanitazama. Liwa ikishakauka uso haubadiliki hata ukitaka, kwa hiyo naamini aliona kinyago kimevaa khanga. Mfuko wa chipsi ukamponyoka. Kisha yule bwana, ambaye tunalingana umri na pengine ananizidi, akasema kwa sauti ya mtoto aliyetumwa dukani usiku: "Shikamoo mama."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaitika: "Marahaba."

Kwenye chupa ya maji kukawa kimya kidogo. Halafu sauti ya baba watoto: "Mama watoto, nani huyo unayemwitikia marahaba chumbani saa nne usiku?"

Yule bwana alipoisikia sauti ya mwanamume mwingine ambaye hamwoni, alirudi kinyumenyume mpaka kwenye korido, akasema "samahani" mara nne, akaufunga mlango polepole kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mgonjwa. Chipsi zilibaki kwangu. Nawaambia mjue ni za nani, maana mhudumu wa usafi aliandika kwamba mgeni wa 214 amekula chumbani na kuchafua zulia.

Nilishuka mapokezi nikiwa na dera nililolivaa nyuma mbele, liwa usoni. Bwana J., nimwite hivyo maana herufi hiyo tunagawana, alikuwa ameshafika, anajieleza. Binti wa mapokezi alitutazama wote wawili, akaniuliza kwa upole wa dhati: "Kwani mama, huyu si mzee wako?" Walinzi wawili na dereva wa bajaji aliyekuwa anasubiri abiria wakageuka kutusikiliza. Kitabu cha wageni kilikuwa pale pale juu ya kaunta, wazi. Jina langu kamili, la kike, la ubatizo, lilikuwa mistari mitatu juu ya jina la Bwana J., na mbele yake ile 1 yangu. Mbele ya jina lake naye aliandika 1. Hakuna aliyeinamisha shingo kusoma.

Hoteli ilikuwa imejaa. Bwana J. hakubisha wala hakupandisha sauti. Alichukua begi lake, akapanda bajaji ile ile kwenda kutafuta lodge Nkuhungu, saa tano kasoro usiku, bila chakula. Katika habari hii yote ndiye mtu pekee aliyefanya lililompasa, na hadi leo sijasikia kama mmemrudishia hata nauli ya bajaji.

Nikapanda ngazi kurudi chumbani. Nikaweka kadi yangu mlangoni. Taa nyekundu. Nikaigeuza, nyekundu. Nikaipangusa kwenye dera, nyekundu.

Hapa sasa naomba tukae kidogo, kwa sababu taa hii nyekundu ndiyo iliyonifanya niandike barua badala ya kusahau.

Asubuhi yake meneja aliniita ofisini, akanikaribisha chai, akaniambia: "Mama, tunasikitika sana, vijana walidhani ni mume na mke, majina yanafanana." Maelezo hayo yanaingia akilini. Yangemridhisha mtu yeyote ambaye kazi yake si kukagua. Mimi miaka minane iliyopita nilikagua hoteli za mteja wetu mmoja, nikakaa wiki mbili nyuma ya kaunta za mapokezi nikiangalia kadi zinavyotengenezwa. Kwenye mashine nyingi za aina ile mhudumu anachagua moja kati ya mawili. Akichagua nakala, kadi ya pili inafungua mlango na ya kwanza inaendelea kufanya kazi. Ndivyo wanavyopewa mume na mke, au mama na mwanawe. Akichagua mgeni mpya, kadi ile ikigusa kufuli mara ya kwanza, kufuli inaikataa kadi ya zamani. Imetengenezwa hivyo makusudi, ili mgeni wa jana aliyeondoka na kadi mfukoni asirudi leo kukufungulia.

Kadi yangu ilikataliwa. Maana yake kadi ya Bwana J. haikuwa nakala ya mume, ilikuwa ya mgeni mpya. Aliyeitengeneza hakudhani chochote kuhusu ndoa yangu. Hakujua kama kuna mtu 214. Na maana yake nyingine, ambayo ilinijia nikiwa nimesimama kwenye korido peku, ni kwamba usiku ule kadi pekee ya mgeni iliyoweza kufungua mlango wangu ilikuwa ndani ya bajaji inaelekea Nkuhungu, kwenye mfuko wa suruali wa mtu nisiyemjua. Ni bahati tu kwamba mtu huyo ni yule anayesema shikamoo akiogopa.

Kufuli za kadi zenyewe zina historia, na nadhani waliowauzia hawakuwasimulia. Mwaka 1974 mwimbaji wa Marekani, Connie Francis, alivamiwa na kubakwa chumbani mwake katika hoteli moja jimbo la New York, kwa mlango ambao ilikuja kuonekana mahakamani kwamba uliweza kufunguliwa kwa urahisi kutoka nje. Aliishitaki kampuni ya hoteli, na mwaka 1976 jopo la mahakama likampa dola milioni 2.5. Habari zake zilimgusa fundi mmoja wa kufuli wa Norway, Tor Sørnes, ambaye katika miaka hiyo ya 1970 alibuni kufuli inayofunguka kwa kadi ya plastiki yenye mpangilio wa matundu 32, ili kila mgeni apate ufunguo wake na ufunguo wa aliyemtangulia ufe. Fikra yote ya kile kipande cha plastiki mnachotupa kwenye bahasha yenye picha ya zabibu ni hiyo: aliye ndani awe salama dhidi ya aliye nje. Kifaa chenu kilifanya kazi yake sawasawa. Kiliambiwa mimi nimeondoka, kikaamini.

Kwa hiyo, bwana meneja, uliponiambia "walidhani ni mume na mke" hukuwa unanieleza kilichotokea. Ulikuwa unatafuta maneno yatakayokaa vizuri juu yake. Ningeliacha hilo, watu husema mengi wakiona aibu, kama yasingeingia kwenye karatasi.

Siku ya kuondoka nilikuwa nakimbilia treni. Nililipa kwa simu, nikapewa ankara na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikatia kwenye mkoba bila kusoma. Ndiyo, mimi, ambaye huwaambia vijana wa ofisini wasipokee hata tiketi ya daladala bila kuisoma. Kosa hilo ni langu na nimeshalijibu nyumbani. Jumapili nimekaa meza ya chakula napanga karatasi za marejesho, baba watoto akapita nyuma yangu na kikombe cha chai. Akasimama. Akasoma kwa sauti: "Bw. na Bi. J., watu wawili, kitanda kimoja, usiku tatu." Kisha akasema: "Huyu Bwana alilala tatu?"

Usiku ule wa simu alikuwa amecheka hadi akakohoa. Jumatatu alicheka tena akiwasimulia wenzake wa Tabata. Karatasi hakuicheka. Anajua kilichotokea, alikuwepo pale kwenye chupa ya maji, aliusikia mlango. Lakini karatasi ina namna yake ya kumwangalia mtu, na tumekaa na hiyo karatasi mezani tangu Jumapili ile.

Ofisini nako mhasibu alinisubiri kwa hamu, kijana ambaye kwa miaka sita nimempelekea hoja za ukaguzi kila robo mwaka. Aliiweka ankara mbele yangu, kidole kwenye mstari: "Mama, masurufu yalikuwa ya mtu mmoja." Chumba cha mtu mmoja kwenu ni shilingi 90,000, cha wawili 110,000. Kwa usiku tatu nimelipa 330,000 badala ya 270,000. Hiyo 60,000 imekataliwa na inakatwa kwenye mshahara wangu. Nilimpigia meneja, akanijibu kwamba risiti ya EFD ikishatoka imeshafika TRA, kwa watu wa kodi, haiguswi. Bwana meneja, mauzo yaliyokosewa yana utaratibu wake wa kusahihishwa, na mhasibu wenu anaujua. Muulize.

Ila ningewasamehe hata hiyo 60,000 isingekuwa saa. Ankara zenu huchapa muda wa kila kilichoingizwa, kwa herufi ndogo pembeni. Chumba changu kiliingizwa saa nane na dakika kumi mchana, mtu mmoja. Kikabadilishwa kuwa cha watu wawili, Bw. na Bi., saa tano na dakika arobaini na moja usiku. Yaani saa moja na dakika ishirini na moja baada ya chipsi kuanguka. Mimi na Bwana J. tulikuwa tumeshasimama pale kaunta na kuwaambia, mbele ya walinzi na dereva wa bajaji, kwamba hatujuani. Yeye alikuwa Nkuhungu. Mimi nilikuwa nimejifungia na komeo, nimeegemeza kiti mlangoni. Na mtu mmoja kwenye mfumo wenu akawa anatufungisha ndoa, ili mkuu wake akiuliza asubuhi kwa nini chumba kimoja kilitoa kadi mbili, kuwe na jibu.

Simtafuti yule binti wa mapokezi. Aliniambia alikuwa ameingia zamu tangu saa moja asubuhi, peke yake, wiki ya Bajeti, simu mbili zinalia kwa pamoja. Msimfukuze. Nikisikia mmemfukuza kwa sababu ya barua hii nitaandika nyingine. Mtu aliyepanga binti mmoja akae kaunta saa kumi na tano ana ofisi, na ofisi hiyo ndiyo niliyonywea chai.

Kitabu cha wageni nacho kifungeni. Bwana J. aliniambia kesho yake, kwa aibu, kwamba akisubiri kuandikishwa alikuwa amesoma namba za simu za watu wa ukurasa mzima, si kwa kutaka, zilikuwa tu mbele ya macho yake. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tume yake ipo. Namba ya chumba nayo msiitangaze. Binti aliitamka yangu kwa sauti mbele ya foleni: "Mama, mia mbili kumi na nne, ghorofa ya pili, mwisho kushoto." Kule Nashville, Marekani, mtu aliyekuwa akimfuatilia mtangazaji Erin Andrews aliomba hotelini apewe chumba jirani na chake, akapewa, akamrekodi kupitia tundu la mlango. Hiyo ilikuwa 2008. Mwaka 2016 jopo la mahakama likasema alipwe dola milioni 55. Hakuna aliyevunja mlango wowote. Mtu aliuliza tu mapokezi.

Na ninyi wa nyota. Niliona kibao chenu ukutani, kimepigwa msasa kinang'aa, kimewekwa kwa vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mnapokuja kukagua, nadhani mnatangulizwa kwenye ukumbi na jikoni. Siku moja njooni saa nne usiku na begi, semeni jina la ukoo tu, mwone mtapewa kadi ya nani.

Kuhusu warsha yenyewe sina mengi. Viti vilipangwa kwa alfabeti, kwa hiyo nilikaa siku tatu ubavuni kwa Bwana J. Hadi saa nne, wakati wa chai, ukumbi mzima ulikuwa na habari. Mimi nikawa "shemeji wa Dodoma", na kila aliyepita na sahani alimuuliza mwenzangu kama amelala salama. Alikuwa anainama na kutabasamu kama mtu anayesubiri mvua ipite. Aliniamkia shikamoo siku zote tatu. Nimeshindwa kumzuia.

Ninachotaka kutoka kwenu mnakijua, nimekisema kwa simu mara mbili. Mmeniomba radhi kwa mdomo. Mmeniomba radhi kwa matunda. Mmeniahidi punguzo nikirudi, na kwenye ujumbe wa punguzo hilo mmeandika "wewe na mwenzi wako". Kila mara mlipokosea mliandika, na kila mara mlipoomba radhi mlisema tu. Nataka karatasi. Iseme kwamba usiku ule chumba namba 214 kilikuwa na mgeni mmoja aliyejiandikisha mmoja, kwamba hoteli ilitoa kadi ya chumba hicho kwa mtu mwingine kwa kosa la hoteli, na kwamba ankara ilibadilishwa baadaye bila mgeni kujua. Iwe na muhuri na sahihi ya mtu mwenye cheo. Nakala moja iende kwa mhasibu wetu na shilingi 60,000 yake, moja kwa Bwana J., ambaye naye ana mke, na ambaye mke wake hakuwa kwenye simu. Ya tatu nitaiweka mezani nyumbani, pale pale ilipo ile nyingine.

Jina langu muandike lote. Lipo kwenye kitabu chenu, na mbele yake idadi.

Wenu,
Mgeni mmoja (1),
Chumba namba 214.